Baiskeli Inalia, Inaruka, Haishiki Breki: Kipi Ushike Mwenyewe na Kipi Umwachie Fundi

Ikifika Oktoba, korosho zinapoanza kwenda ghalani, kijiwe cha fundi baiskeli huku kwetu Mtwara hakipitiki. Baiskeli zimepinduliwa kila upande, magunia yamelazwa pembeni, na kila anayefika anasema neno lile lile: "Fundi, nifanyie sevisi nzima, naifuata jioni." Jioni anaikuta imepakwa oili, inang'aa, analipa, anaondoka. Siku nne baadaye cheni inalia tena.

Nimeendesha baiskeli miaka mingi kati ya Chikongola na Naliendele, na hilo limenipata mara kadhaa. Fundi hakunidanganya. Alikuwa na baiskeli kumi mbele yake, na sevisi ya kweli ni kazi ya kuloweka, kusugua, kufuta na kusubiri ikauke. Muda huo hana. Wewe unao, jioni uani kwako. Yeye ana vitu ambavyo wewe huna: nyundo na chuma cha kukingia, spana nyembamba za koni (zile nati zinazobana gololi za gurudumu), na mkono uliozoea spoku. Mimi nagawa hivi: kusafisha, kulainisha na kukaza ni kazi ya nyumbani; kugonga, kunyoosha na kuchomelea ni kazi ya fundi. Ukimpelekea baiskeli safi ukamwambia "fundi, ni kota ya kulia", yaani ile pini inayoshikilia krenki, mkono wa pedeli, atakutengenezea kota. Ukimpelekea iliyojaa mchanga ukasema "inalia", atakupaka oili.

Nazungumzia zaidi baiskeli zetu za ringi ya 28, zenye breki za vyuma na keria nzito: Phoenix, Hero, Avon na nyingine za namna hiyo. Zile za mtumba zenye gia na breki za waya nitazitaja pale zinapotofautiana.

Vifaa vya nyumbani havihitaji mtaji mkubwa. Pampu, spana malaya moja na spana mbili tatu zinazokaa sawasawa kwenye nati zako, bisibisi, mswaki wa zamani, matambara, mafuta ya taa nusu lita, oili nyepesi kama ile ya cherehani, kopo dogo la grisi, viraka, solusheni na kipande cha msasa. Pindua baiskeli isimame kwa siti na usukani, tandika gunia chini ili kengele na siti zisiumie. Kisha iangalie kabla ya kushika spana yoyote. Zungusha magurudumu, zungusha pedeli, sikiliza.

Tairi linaisha upepo

Kama linaisha polepole, umejaza jioni na asubuhi umekuta laini, anza na valvu. Baiskeli nyingi za ringi ya 28 zina valvu yenye kimpira chembamba kilichovishwa juu ya sindano, na kimpira hicho kinaoza kwa jua na joto. Lenga mdomo wa valvu juu, weka tone la mate. Likitoa povu, ubovu ni hapo. Fungua, vua kimpira kilichochakaa, visha kipya, rudisha. Nimeona watu wakinunua tyubu nzima kwa sababu ya kipande hicho cha mpira kisichozidi urefu wa kidole.

Valvu ikiwa nzima, ni pancha. Toa tyubu, ijaze upepo, izamishe kwenye beseni la maji kipande kwa kipande. Ukipata tundu, usikimbilie kiraka. Linganisha tundu na tairi, kwa sababu mahali tundu lilipo ndipo panapokueleza chanzo:

- Tundu upande wa nje, unaogusa barabara: mwiba, msumari au kigae. Pitisha tambara ndani ya tairi zima. Likinasa, ndipo mwiba ulipobaki. Ukiuacha, utaziba tena kesho.
- Matundu mawili yaliyokaa sambamba: tairi lilikuwa na upepo mdogo, ukapanda jiwe au ukingo wa lami na mzigo nyuma, ringi ikaibana tyubu. Kiraka kitatosha, lakini kosa ni la pampu.
- Tundu upande wa ndani, unaogusa ringi: ncha ya spoku imetokeza au utepe wa ringi umehama. Katisha mkanda kutoka tyubu kuukuu, uzungushe ringi yote, na ncha ndefu iliyotokeza isage kwa tupa.
- Mchaniko kwenye shina la valvu: hapo hakuna kiraka kinachodumu, badilisha tyubu. Mara nyingi hutokea tairi lenye upepo mdogo likiteleza juu ya ringi na kuvuta valvu. Ukiona valvu imelala upande, toa upepo na uinyooshe kabla haijachanika.

Kiraka kinashika kwa subira. Sugua kwa msasa mpaka mng'ao wa mpira uishe, paka solusheni nyembamba pana kuliko kiraka, subiri mpaka isishike unyevu kwenye kidole, dakika tano hivi, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Wengi wanabandika solusheni ikiwa bado majimaji, kisha wanalaumu kiraka. Na usisafishe tyubu kwa mafuta ya taa, yanaula mpira.

Upepo wa kutosha umeandikwa ubavuni mwa tairi. Kwa tairi nyingi za 28 ni kama PSI 50. Huna kipimo? Pakia mzigo unaoubeba kila siku, tazama tairi la nyuma linapogusa ardhi. Livimbe kidogo tu.

Acha kuendesha ukiona uvimbe ubavuni mwa tairi au nyuzi zimeanza kuonekana. Kipande cha tairi kuukuu kilichowekwa ndani kitakufikisha nyumbani, hakitabeba gunia la korosho la kilo 80 mpaka ghalani.

Cheni inalia, inatoka au inaruka

Watu hulitaja tatizo hili kwa jina moja, "cheni mbovu", lakini ni matatizo matatu na kila moja lina dawa yake.

*Inalia.* Chanzo cha kwanza ni mchanga, cha pili ni chumvi, cha tatu ni ukavu. Ukitoka Newala au Tandahimba, mchanga wa njia za mashambani unapanda mpaka kwenye friwili, yale meno ya gurudumu la nyuma. Ukikaa Mikindani au unapita ufukweni Msimbati kufuata samaki, chumvi inakula chuma hata baiskeli ikiwa imeegeshwa. Msimu wa mabibo kuna la ziada: maji yake yanadondoka kutoka kwenye ndoo, yanaganda kama gundi, na mchanga unashika hapo.

Dawa ni kusafisha kwanza. Chovya mswaki kwenye mafuta ya taa, sugua cheni ukiizungusha kinyumenyume juu ya kopo, mpaka matone yanayodondoka yaache kuwa meusi. Futa. Acha ikauke kabisa. Kisha weka tone moja la oili kwenye kila pingili, upande wa ndani, zungusha pedeli mara ishirini, na uifute tena cheni kwa nje. Hatua hiyo ya mwisho watu wengi huiacha. Oili inafanya kazi ndani ya pingili. Iliyobaki nje kazi yake ni kukusanya mchanga. Ukishika cheni baada ya kuifuta, kidole kitoke na weusi kidogo tu.

Oili chafu ya gari inayopatikana bure gereji naikataa. Ina chembe za chuma kutoka ndani ya injini, na kwenye cheni inageuka kuwa kama msasa. Mafuta ya kupikia nayo yanaganda na kunata. Kichupa cha oili ya cherehani kinadumu miezi.

*Inatoka.* Karibu kila mara imelegea. Kwa baiskeli isiyo na gia, bonyeza cheni katikati kati ya duara la meno la mbele na friwili: ipande na kushuka sentimita moja hadi mbili. Ikizidi, legeza nati za gurudumu la nyuma, vuta gurudumu nyuma kidogo kidogo upande wa kulia na wa kushoto, hakikisha limesimama katikati ya fremu, kaza. Kabla ya kukaza mwisho, zungusha pedeli mzunguko mzima ukiangalia cheni. Itakuwa na mahali inapokaza zaidi kwa sababu meno ya mbele hayako duara kamili. Pima ulegevu mahali pale inapokaza, la sivyo utaikaza mpaka gololi za habu (kitovu cha gurudumu) ziumie.

Kama ulegevu ni sawa na bado inatoka, simama nyuma ya baiskeli uangalie meno ya mbele yakizunguka. Yakienda kushoto na kulia kama sahani iliyopinda, peleka kwa fundi ayanyooshe. Angalia pia loki ya cheni, kile kibanio kidogo kinachounganisha pingili mbili. Upande wake uliozibwa uelekee mbele cheni ikiwa juu, kule inakokwenda. Kikigeuzwa, kitu chochote kikikigusa kinachomoka.

*Inaruka.* Unakanyaga kwa nguvu kupanda mlima, inapiga "ka!" na mguu unashuka ghafla. Hapo cheni imerefuka au meno yameisha. Pima kwa rula: kutoka pini moja hesabu pini 24 mbele. Cheni mpya itasoma sentimita 30.5. Ikifika 30.8, imekwisha. Halafu angalia meno ya friwili. Jino zima lina mabega mawili yanayofanana. Lililoisha limelala upande mmoja, limechongoka kama jino la papa.

Hapa kuna desturi moja inayonisikitisha. Cheni ikirefuka, mtu anaombwa akate pingili moja, inakaza, anaondoka ameridhika. Kukata pingili kunaondoa ulegevu. Pingili zilizobaki bado zimerefuka zote, na kila mzunguko zinayasaga meno. Mwisho utanunua cheni, friwili na meno ya mbele kwa mpigo. Badilisha cheni mapema na friwili itakutumikia cheni nyingine mbili au zaidi. Ukichelewa, ujue kwamba cheni mpya juu ya friwili kuukuu itaruka vibaya kuliko ile uliyoitoa, na hilo si kosa la cheni wala la aliyekuuzia.

Kwa baiskeli ya gia, kabla ya kulaumu chochote, geuza kile kirekebisho cha duara kilichopo mwisho wa waya karibu na gurudumu la nyuma, nusu mzunguko, jaribu. Cheni ikigoma kupanda kwenye meno makubwa, waya umelegea. Ikigoma kushuka, waya umekaza mno. Kama mkono unaohamisha cheni umepinda kuelekea ndani kwa sababu baiskeli iliangukia upande wa kulia, usiuguse. Ukikatika, utaingia kwenye spoku na kuvunja gurudumu zima.

Kuna "ko, ko" kila ukikanyaga

Hesabu. Mlio mmoja kwa kila mzunguko wa pedeli, au mlio unaokuja hata usipokanyaga? Unaokuja usipokanyaga ni wa gurudumu, ruka mpaka chini penye "Gurudumu linayumba".

Shuku pedeli kwanza. Ishike uitikise. Kama imelegea kwenye krenki, ikaze, na kumbuka pedeli ya kushoto ina thredi za kinyume: inakazwa kwa kugeuza spana kinyume na mwendo wa saa, inafunguliwa kwa kufuata saa. Ya kulia ni ya kawaida. Krenki nyingi zimeharibika kwa sababu mtu "alikaza" ya kushoto kwa nguvu zote huku anaifungua. Ikiwa pedeli inazunguka kwa kukwaruza, gololi zake zimekauka. Tone mbili tatu za oili zitaituliza kwa muda.

Pedeli ikiwa salama, ni kota. Weka krenki mbili zikiwa zimelala sawa, moja mbele moja nyuma, kandamiza zote mbili kwa mikono, kisha zizungushe nusu mzunguko ukandamize tena. Ukisikia moja inacheza kabla ya nyingine, kota yake imelegea.

Hili nimelilipia. Nilisikia "ko" nikakaza nati ya kota. Ikatulia siku moja. Nikakaza tena, na tena, kwa wiki nzima. Sikujua kwamba nati ile haivuti kota. Kota inaingia kwa kugongwa, nati inaizuia tu isirudi. Thredi zikakatika nikiwa Mikindani, krenki ikaanza kuning'inia, na nikaisukuma baiskeli kilomita kumi mpaka Mtwara. Kijiwe cha kwanza nilichokifikia, kota ilitolewa kwa nyundo bila kukingiwa kitu chini, na tangu siku hiyo katikati ya baiskeli kukaanza kukwaruza, kwa sababu kila pigo lilikwenda moja kwa moja kwenye gololi.

Kwa hiyo kota ni kazi ya fundi, lakini wewe simama pale. Krenki lazima ikingiwe kwa kipande kizito cha chuma au bomba lililosimama chini, upande wa pili wa pigo. Kota mpya iwe ya unene ule ule wa zamani, ubapa wake ukae wote, na kota mbili zielekee pande tofauti ili krenki zikae kwenye mstari mmoja. Endesha siku moja, kisha ukaze nati tena kidogo.

Kama kota ni nzima na krenki zote mbili zinatikisika kuingia na kutoka, gololi za katikati zimelegea au zimeisha. Kikombe cha kushoto ndicho kinachorekebishwa. Cha kulia kina thredi za kinyume na kimekazwa kwa nguvu sana, mwachie fundi.

Unakanyaga, pedeli inazunguka tupu

Friwili haishiki. Mara nyingi vile vidole vyake vya ndani vimeganda kwa oili nzito na vumbi. Laza baiskeli upande wa kushoto, dondosha matone ya mafuta ya taa kwenye mwanya unaozunguka uso wa friwili, izungushe kinyume, subiri, rudia mpaka uchafu utoke. Utausikia ule mlio wake wa "tiki tiki" ukirudi mmoja mmoja. Ikishakauka, weka oili ya cherehani. Usitie grisi, maana ndiyo inayovigandisha vidole.

Ikikataa baada ya kuisafisha mara mbili, badilisha. Na mpaka siku hiyo usisimame juu ya pedeli kupanda mlima. Friwili inayoachia ghafla inakuangusha kifua juu ya usukani.

Breki haishiki

Anayekaa tambarare anaweza kulisogeza hili kesho. Anayeshuka kutoka Newala kuelekea bonde la Ruvuma na madumu mawili ya lita 20, au anayeteremka kutoka Mtanda kuelekea mjini Lindi, hawezi. Nimewaona vijana wakishuka wakikandamiza kandambili juu ya tairi la nyuma. Ndugu zangu, kandambili ikinasa kwenye spoku, mguu unafuata. Msiendeshe hivyo, hata kama ni karibu.

Kwa breki za vyuma, vyanzo vinakuja kwa mpangilio huu:

Raba zimeisha, au zimekuwa ngumu na kung'aa. Zilizoisha badilisha zote mbili za gurudumu moja. Zilizong'aa sugua kwa msasa mpaka ziwe mbichi tena, toa na punje za mchanga zilizonasa.

Ringi ina mafuta. Hapa kosa huwa ni letu wenyewe, tumepaka oili cheni ikarukia. Osha kwa maji na sabuni, suuza, kausha. Hakuna sehemu ya breki inayogusa ringi ambayo inahitaji mafuta, hata tone.

Vyuma vimelegea. Minya breki: mkono ukikaribia kugusa usukani, legeza skrubu inayobana chuma, kivute ili raba zikae milimita mbili hadi tatu kutoka kwenye ringi, kaza tena kwa nguvu. Kisha minya mara kumi mfululizo ukiwa umesimama. Skrubu iliyokazwa nusu itateleza hapo hapo, na ni afadhali iteleze uani kuliko mteremkoni.

Raba iligeuzwa ilipobadilishwa. Kile kishikio cha bati kina upande mmoja uliozibwa na mmoja ulio wazi. Uliozibwa uelekee kule ringi inakoelekea inapozunguka mbele. Ukigeuzwa, siku utakayofunga breki kwa nguvu raba itachomoka yote.

Mvua. Ringi ya chuma ikilowa, raba haishiki vizuri hata kama kila kitu ni kipya. Masika hakuna spana ya kulitibu hili. Gusa breki mapema, polepole, ili raba zifute maji kwanza.

Kwa breki za waya, angalia waya mahali unapoingia kwenye mkono wa breki. Uzi mmoja tu ukiwa umekatika, badilisha waya wote.

Simama na uende kwa fundi kama chuma cha breki kimepinda au ekseli zake zimelika, na kama ringi ina mfereji au ufa pale raba zinapogusa. Ringi hiyo haitengenezwi.

Gurudumu linayumba

Kaza nati za ekseli kwanza. Inashangaza ni mara ngapi huwa ni hilo tu.

Kisha shika ringi uitikise kushoto na kulia. Ikicheza kwa ulegevu kwenye habu, koni zimelegea. Koni zinarekebishwa mpaka gurudumu lisicheze na bado lizunguke bila kukwaruza. Ukiliacha, lizunguke lenyewe mpaka valvu itulie chini. Ukiamua kufungua habu mwenyewe, fanya juu ya sinia, hesabu gololi za kila upande kabla ya kuzitoa, na nenda dukani na moja ya zamani mkononi, kwa sababu za mbele na za nyuma hazilingani. Weka grisi mpya, na badilisha gololi zote za upande mmoja pamoja. Koni yenye vishimo badilisha pia, la sivyo vishimo vile vitazila gololi mpya.

Kama habu iko imara ila ringi inakwenda kombo, ni spoku. Egesha kidole kwenye foku (chuma cha panda kinachoshika gurudumu la mbele) karibu na ringi, zungusha, uone inapogusa. Zigonge spoku za hapo kwa spana moja moja. Nzima inatoa sauti kali. Iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Ringi ikivutwa kushoto, kaza nipo (kile kinati kidogo kinachoshika spoku kwenye ringi) ya spoku inayotoka upande wa kulia wa habu, robo mzunguko tu, kisha zungusha uangalie. Robo nyingine kama bado. Nipo iliyoshikwa na kutu itie tone la oili usiku mmoja kabla.

Mpaka wako uwe hapo: spoku moja mbili zilizolegea. Ringi ikipanda na kushuka, ikipinda kama namba nane, au spoku zinakatika kila wiki, acha. Gurudumu la nyuma la baiskeli za mzigo mara nyingi lina spoku 40, na kila unayoikaza inazigusa za jirani. Nimewahi kuingia na kombo la milimita tatu nikatoka na gurudumu lisilopita kwenye foku. Fundi mzuri anaifanya kazi hiyo kwa sikio, na inastahili kila shilingi anayoitoza. Usipakie mzigo ukiwa na spoku mbili zilizokatika jirani.

Usukani mzito, au unagonga

Funga breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi inagonga kwenye shingo ya fremu, gololi za usukani zimelegea. Kaza kikombe cha juu kidogo, kisha nati yake. Ukiwa mzito au una mahali unaponasa katikati, gololi zimechimba vishimo na zinahitaji kubadilishwa. Ukipandisha usukani, usiuvute kupita alama iliyochorwa kwenye shina lake.

Dainamo inazunguka, taa haiwaki

Globu, kwanza globu. Ni ya volti 6, na ukiweka ya volti nyingine haitawaka sawasawa au itaungua. Pili ni mahali dainamo inaposhikana na fremu: umeme unarudi kupitia fremu yenyewe, kwa hiyo kutu au rangi pale inakata njia. Kwangua mpaka chuma kionekane. Huku pwani nakwangua kila baada ya miezi michache.

Nyufa

Hili halina hatua za nyumbani, lina ukaguzi tu. Kila unapoosha baiskeli, pitisha tambara na jicho sehemu nne: shingo ya fremu, juu ya foku, kuzunguka bomba la katikati ya krenki, na pale keria inapobana fremu nyuma. Ufa unaanza kama mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi nzima. Ukwaruze kwa kucha. Rangi iliyokwaruzika inaishia juu. Ufa kucha inaingia.

Ufa wa fremu, fundi wa kuchomelea anaweza kuukagua na kusema kama unafaa kutiwa kiraka cha chuma. Ufa wa foku usikubali uchomelewe, hata kama utaambiwa itashika. Foku ikikatika hakuna cha kukushika. Gurudumu la mbele linabaki nyuma na uso unatangulia. Shusha mzigo hapo hapo, sukuma baiskeli kwa miguu, nunua foku nyingine.